Kabla hujanunua sensa ya oksijeni: maswali ninayoulizwa dukani kila siku

Nauza spea za magari Kariakoo, na kabla ya duka nilishika spana gereji kwa miaka kadhaa. Katika vitu vidogo ninavyouza, hakuna kinachorudishwa kaunta kama sensa ya oksijeni. Na mara nyingi inayorudi ni nzima: mteja kachukua isiyo ya gari lake, au gari halikuwa na shida ya sensa tangu mwanzo. Nimechoka kuyajibu haya WhatsApp moja moja, kwa hiyo yako hapa.

Hiki kidude kinafanya kazi gani hasa?

Ni kitu kinachofanana na plagi, kimefungwa kwenye bomba la ekzosi, na waya zake zinakwenda kwenye kompyuta ya gari. Ncha yake inaonja moshi unaotoka na kuulinganisha na hewa ya nje. Oksijeni ikibaki nyingi kwenye moshi, mafuta ni machache. Ikibaki kidogo, mafuta yamezidi. Kwa petroli, hesabu inayotafutwa ni kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta, na kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kwenye nozeli kwa kufuata taarifa hiyo.

Ndani ina hita ndogo, kwa sababu haianzi kusema ukweli mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi. Kumbuka hiyo hita, tutairudia. Bosch ndio walioileta barabarani mwaka 1976, kwenye Volvo zilizokwenda soko la Marekani.

Fundi kaniambia "oksijeni sensa imekufa". Ninunue?

Muulize kwanza amejuaje. Akikujibu "gari linanuka petroli" au "haya magari ndiyo ugonjwa wao", shika hela yako. Kuna vitu vingi vinavyofanya gari linuke petroli, na vingi ni rahisi kuliko sensa.

Gari lipimwe kwa mashine, na wewe uione namba ya kosa kwa macho yako, uipige picha. Hizi ndizo zinazokuja sana:

P0135 na P0141 zinahusu hita: ile ya kwanza ni ya sensa ya mbele, iliyo kabla ya masega (kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi), na ile ya pili ni ya sensa ya nyuma yake. Hapo uwezekano wa sensa kufa ni mkubwa, lakini angalia fyuzi kabla ya kufungua pochi. Nimemuona baba mmoja kanunua sensa mbili kwa fyuzi moja iliyokatika.

P0133 maana yake sensa ya mbele imekuwa mvivu, inajibu lakini kwa kuchelewa. Hii huwa ni uzee wa kweli, ila ekzosi inayovuja nayo inaweza kuileta.

P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi, na P0172 inasema mafuta yamezidi. Hapa ndipo watu wanapoliwa. Sensa inayotoa taarifa hizi mara nyingi ni nzima kabisa; inafanya kazi yake ya kusema. Tafuta mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyojaa vumbi, nozeli inayovuja, pampu iliyochoka. Kubadilisha sensa ya oksijeni kwa P0171 ni kumfukuza mlinzi kwa sababu kapiga kelele za mwizi.

P0420 ni masega. Nimeiwekea swali lake huko chini.

Na gari linalomisi litengenezwe kwanza. Silinda isiyowaka inatoa hewa ambayo haijaungua, sensa inaiona oksijeni nyingi, inadhani mafuta hayatoshi, kompyuta inaongeza mafuta. Unabadilisha sensa, gari linamisi vilevile, halafu unanirudishia mimi.

Mashine ya fundi haisomi gari langu. Ni bovu?

Si lazima. Magari mengi tunayotumia yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na ya zamani kidogo hayaongei lugha moja na vile vidude vya bei ndogo vya Bluetooth. Nenda kwa mwenye mashine kubwa inayosoma magari ya Japani.

Linapimwaje bila kubahatisha?

Kuna njia mbili, na zote mbili fundi anayejua anaweza kuzifanya ukiwa umesimama pale.

Ya kwanza ni kutazama data za papo hapo injini ikiwa imepata moto. Sensa ya kawaida ya mbele, ile isiyo ya A/F (aina nyingine ya sensa, nitaieleza huko chini), inatakiwa ipande na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, mara kadhaa ndani ya sekunde chache, haitulii. Ikiganda sehemu moja hata ukikanyaga na kuachia mafuta, hapo tuna neno. Ya nyuma, baada ya masega, ni kinyume: inatakiwa itulie.

Ya pili ni kupima hita kwa mita ya umeme. Chomoa soketi, weka mita kwenye omu, gusa pini mbili za waya zenye rangi moja. Ikisoma omu chache, hita ipo. Ikikaa kimya kana kwamba waya umekatwa, hita imeungua na hapo hakuna ubishi. Hii mimi naifanya kaunta, hata kwa sensa mpya, mbele ya mteja. Inachukua nusu dakika.

Gari lina sensa ngapi? Niambie ninunue ipi.

Vigari vya silinda nne kama IST, Vitz, Premio na wenzao huwa na mbili: moja mbele ya masega na moja nyuma yake. Injini za V6 huwa na nne, kwa sababu kila upande una ekzosi yake. Kwenye mashine utaona B1S1, B1S2 na kadhalika. B1 ni upande wenye silinda namba moja, S1 ni ya mbele ya masega, S2 ni ya nyuma. Inayosimamia mafuta ni S1. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kuchunguza masega.

Kwa hiyo mteja akija na "nipe oksijeni sensa ya Harrier", nakuwa sina cha kumpa. Harrier ipi? Injini ipi? Ya mbele au ya nyuma? Kulia au kushoto?

Mbona sensa zote zinafanana, lakini mnasema hii siyo?

Hili ndilo swali lenyewe. Ukielewa jibu lake, mengine yote ni madogo.

Uzi wa sensa karibu zote ni uleule, milimita 18 kwa hatua ya 1.5, na spana ni ileile ya 22. Zinaingia popote. Soketi nayo wakati mwingine inakubali. Lakini ndani kuna aina mbili tofauti. Kuna sensa ya oksijeni ya kawaida, inayosema tu "mafuta mengi" au "mafuta machache". Na kuna sensa ya hewa na mafuta, wengi tunaiita A/F, inayosema ni mengi *kiasi gani*. Kompyuta iliyotengenezwa kusikiliza A/F haimwelewi huyu wa kwanza hata kidogo. Ukizibadilisha, taa ya injini itawaka palepale, au gari litakunywa mafuta kuliko ulivyolileta.

Toyota wamekurahisishia. Namba ya spea inayoanza na 89465 ni sensa ya oksijeni ya kawaida. Inayoanza na 89467 ni A/F. Toyota nyingi za miaka ya 2000 kuja huku zina A/F mbele na ya kawaida nyuma, kwenye gari hilohilo. Nimeshuhudia fundi kachomoa ya nyuma nzima akaipeleka mbele "kujaribu". Alijaribu kweli, siku tatu.

Hata zikiwa aina moja bado kuna urefu wa waya, umbo la soketi na nguvu ya hita. Waya mfupi ukivutwa unagusa ekzosi na kuyeyuka. Tarakimu tano za mwisho za namba ndizo zinazobeba tofauti hizo, kwa hiyo namba isome yote.

Namba naipata wapi?

Sehemu mbili, na nakuomba uje na zote.

Moja ni kwenye sensa yenyewe. Ifungue, futa masizi kwa kitambaa, tazama mwili wa chuma karibu na waya zinapotokea, au kwenye soketi. Namba imechongwa. Piga picha ukimulika kwa tochi kutoka ubavuni, maana ukimulika kwa mbele haionekani.

Ya pili ni kibati cha gari. Magari ya soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana namba ya chesisi fupi inayoanza na modeli. IST ya toleo la kwanza ya 1500, kwa mfano, inaanza na NCP61, au NCP65 ikiwa ya kuvuta magurudumu yote, wakati ya 1300 ni NCP60. Kadi ya gari ikiandika "Toyota IST" peke yake hainisaidii.

Usinilinganishie kwa rangi ya gari wala mwaka wa kadi. Mwaka wa kadi zetu unanidanganya kila wiki.

Orijino, ya kampuni nyingine, au mtumba?

Sensa haitengenezwi na Toyota, Honda au Nissan wenyewe. Wanatengenezewa. Toyota nyingi zinatoka na Denso, na NTK, ambao ni walewale wa plagi za NGK, wako kwenye Honda na wengine wengi. Bosch utawakuta sana kwenye magari ya Ulaya. Kwa hiyo ukipata Denso ya kweli kwenye boksi la Denso, kwa Toyota yako, mara nyingi umepata kilekile kilichomo kwenye boksi la Toyota kwa hela pungufu.

Mtumba nauza, sikatai. Zinakuja na injini zilizokatwa Japani, nyingine zinapitia Dubai na Sharjah. Ila elewa unachonunua: sensa ni kitu kinachoisha, kama plagi. Ile yenye hita hukadiriwa kufika kilomita 160,000 hivi, na hakuna anayejua hiyo ya mtumba imekula ngapi. Kwa sensa ya nyuma, mtumba naukubali bila maneno. Kwa ya mbele, kama hela ipo, chukua mpya. Kama haipo, chukua mtumba wenye namba ileile, upimwe hita mbele yako, na mkubaliane siku za kurudisha *zikaandikwe kwenye risiti*. Maneno ya kaunta yanasahaulika haraka.

Na iliyoanguka sakafuni usiichukue. Ndani ni udongo wa kauri, inapasuka na kwa nje huoni kitu.

Feki naijuaje?

Nitakueleza iliyonikuta, maana hata mimi niliuziwa. Zamani kabla ya duka hili nilikuwa na Spacio ya injini ya 1NZ, nikanunua A/F kwenye duka moja siwezi kulitaja. Boksi zuri, karatasi ya ndani nzuri, stika inang'aa. Gari lilitulia wiki mbili. Taa ikarudi. Nilipoifungua nikaiweka kando ya ile ya zamani juu ya kofia ya injini, nikaona nilichotakiwa kuona siku ya kwanza. Ya zamani, pamoja na kutu yake, namba imechongwa ndani ya chuma na unaweza kuipapasa kwa ukucha. Mpya yangu namba ilikuwa wino. Nilipoisugua kwa kidole chenye petroli ikafutika. Na namba ya kwenye soketi haikuwa ya kwenye boksi.

Kwa hiyo: papasa namba kwa ukucha, linganisha boksi na mwili na soketi, tazama tundu za kofia ya chuma kwenye ncha kama zimetobolewa kwa usawa, na pima hita. Bei nayo inasema. Mpya "orijino" inayouzwa sawa na mtumba, muulize muuzaji anapata wapi faida.

Kuna za bila soketi, unaunganisha waya mwenyewe. Zinafaa?

Zinafaa kama aina ni ileile na fundi ni mwangalifu. Kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni rangi. Kwenye Denso, waya mbili nyeusi ndizo za hita, bluu ni taarifa na nyeupe ni ardhi. Kwenye Bosch na NTK za aina hiyo, nyeupe mbili ndizo hita, nyeusi ni taarifa, kijivu ni ardhi. Umeona hatari? Fundi akiunganisha nyeusi kwa nyeusi na nyeupe kwa nyeupe, amepeleka umeme wa hita kwenye waya wa taarifa.

Wa pili haujulikani na wengi. Sensa nyingi huvuta hewa ya nje ya kulinganishia kupitia ndani ya waya zenyewe, katikati ya nyuzi. Ukichomelea kwa risasi, njia inaziba. Tumia viunganishi vya kubana, na usijaze grisi kwenye soketi.

Fundi anasema tuioshe tu kwa petroli.

Masizi meusi sensa huyachoma yenyewe ikishapata joto, mradi kilichosababisha kimerekebishwa. Iliyopata sumu ya silikoni au risasi haioshwi ikapona. Utaupata mchana mmoja wa furaha.

Sensa ya zamani ilikufa kwa nini? Na mpya haitakufa hivyohivyo?

Swali zuri, na wachache wanaliuliza. Itazame ncha kabla ya kuitupa. Nyeusi kavu kama mkaa: mafuta yalizidi. Nyeusi ya kung'aa yenye unyevu: injini inakula oili. Nyeupe kama unga: mara nyingi ni silikoni iliyotumiwa kuziba gasketi, au maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Hapo mwisho ni gasketi ya kichwa, na sensa mpya itafuata ya zamani.

Silikoni naisema tena kwa sababu mafundi wetu wanaipenda mno. Ile ya kawaida hutoa mvuke unaopakaa ncha ya sensa. Kuna aina imeandikwa kwamba ni salama kwa sensa. Hiyo ndiyo ya kuuliza. Zamani risasi ya kwenye petroli nayo iliziua, lakini kwetu Afrika kusini mwa Sahara iliondolewa mwanzoni mwa 2006.

P0420 inakuja, nibadilishe sensa ya nyuma?

Mara nyingi hapana. Sensa ya nyuma inasema masega hayasafishi moshi tena. Ikiwa inapandashuka kama ya mbele, inasema kweli. Na kama masega yaliuzwa na fundi wa kwanza huko nyuma (yana madini ya thamani, wanunuzi wapo wengi), hiyo namba itakuja kila siku hata ukiweka sensa ya dhahabu. Chungulia chini ya gari kabla ya kuja kwangu.

Kweli nikibadilisha gari litaacha kula mafuta?

Kama ya mbele ilikuwa imekufa kweli, utaona tofauti. Tovuti ya serikali ya Marekani kuhusu matumizi ya mafuta imetaja nafuu ya hadi asilimia 40 kwa hitilafu kubwa kama hii, lakini hiyo "hadi" isikuzidi akili. Tairi laini, ea klina iliyojaa vumbi na foleni ya Ubungo vinakula mafuta bila kuuliza sensa.

Naweza kuendelea kuendesha nikitafuta hela?

Unaweza, gari halitazimika barabarani kwa hilo peke yake. Ila mafuta yakizidi kwa muda mrefu yanaunguza masega, na masega ni ghali kuliko sensa. Wiki kadhaa sawa, mwaka mzima hapana.

Kufunga kuna ugumu gani?

Kazi yenyewe ni robo saa. Shida ni kutu, hasa magari ya pwani: Dar, Tanga, Mombasa, Unguja. Nyunyizia dawa ya kutu usiku wa kuamkia, ifungue injini ikiwa na uvuguvugu, tumia soketi yenye mkato wa kupitisha waya. Ikigoma usiivunje kwa bomba refu. Uzi wa ekzosi ukiharibika utalipa fundi wa kuchonga.

Sensa mpya huja imeshapakwa grisi maalumu kwenye uzi. Usiongeze, na isiguse ncha. Kaza kiasi, si kwa uzito wa mwili wote. Toyota nyingi wanataka kama Nm 44. Kisha kosa lifutwe kwa mashine na uendeshe siku kadhaa kompyuta ijifunze upya. Usinipigie jioni ileile.

Ile ya zamani niitupe?

Hapana. Njoo nayo dukani, na ukishafunga mpya rudi nayo nyumbani. Ile yangu ya Spacio bado iko kwenye droo ya kaunta, pamoja na feki yake. Juzi dada mmoja mwenye Spacio kama ile alikuja na picha ya giza kwenye simu, namba haisomeki. Nikaitoa ya kwangu, tukalinganisha chesisi, tukaweka soketi kwa soketi. Feki nilimpa aipapase kwa ukucha.